Nilidhani Nina Jiko, Kumbe Nina Tela

Afande alilizunguka lile dude mara mbili, akainama kuchungulia uvunguni, akaligonga bomba kwa kalamu. Kisha akanigeukia.

"Mama, hiki ni kitu gani?"

"Jiko, afande. La kuchomea nyama."

"Jiko lina matairi?"

"Ndiyo, ili tulivute."

"Basi likivutwa na gari barabarani ni tela. Naomba kadi yake."

Sikuwa na kadi. Ilikuwa Juni, siku za ngoma za Bulabo kule Bujora, Kisesa, na mimi na shemeji tulitoka Buzuruga, hapa Mwanza, alfajiri, Hilux yake ikivuta jiko langu jipya. Kwenye bodi tulipakia kilo 40 za nyama iliyolala na chumvi usiku kucha. Tulikuwa tumeshaipita Igoma, Kisesa imebaki pua na mdomo. Tuliandikiwa makosa mawili, tela lisilosajiliwa na tela lisilo na taa, 30,000 kila moja. Hiyo 60,000 sikuililia. Kilichonitoa machozi ni kauli iliyofuata: jiko lisisogee tena barabarani mpaka liwe na karatasi zake.

Tuliliacha kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, tukakodi kirikuu kupeleka nyama Kisesa, tukaazima nusu mapipa mawili kwa mama mmoja wa pale. Nyama iliyoandaliwa kwa moshi wa taratibu ikachomwa juu ya makaa ya haraka. Wagika na Wagalu, yale makundi mawili ya ngoma za Wasukuma, walicheza, watu walikula, mimi nilikuwa nahesabu hasara huku nikitabasamu.

Naandika haya kwa sababu tangu jiko lile lianze kuonekana mjini, watu wasiopungua kumi wameniuliza limetengenezwa wapi na kwa bei gani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza limesajiliwaje. Mimi mwenyewe sikuuliza, na swali hilo ndilo lililonila pesa.

Mimi ni mtu wa banda, mwaka wa tisa sasa nauza sato na mbuzi choma. Moshi si kitu kigeni kwetu watu wa ziwani, maana bibi zetu wamebanika samaki tangu hatujazaliwa. Kwa hiyo mpwa wangu aliponionyesha kwenye simu video za watu wa Texas wanaochoma nyama kwenye bomba kubwa lenye kisanduku cha moto ubavuni, nilielewa mara moja. Nyama haikai juu ya moto. Moto uko pembeni, moshi na joto vinapita kwenye bomba na kutokea kwenye dohani. Kidari cha ng'ombe kinakaa humo masaa 10 hadi 12 kwenye joto la nyuzi 110 hivi, kinatoka laini hadi unakikata kwa kijiko. (Mtajibu sana swali la "mbona ndani ni nyekundu, haijaiva?" Imeiva. Ni moshi unaoacha rangi ile.)

Ndani ya video hizo jamaa mmoja alisema tela lake halihitaji hati ya umiliki kwa sababu halifiki pauni 4,000. Nikapiga hesabu: kama kilo 1,800. Langu halitafika hata nusu yake. Nikafunga mjadala pale pale, kana kwamba Texas ni kata ya Ilemela.

Nilikuja kuelewa baadaye kosa langu lilikuwa wapi. Marekani kila jimbo lina kanuni zake. Texas haidai hati kwa tela lisilozidi pauni 4,000. Florida kikomo chake ni pauni 2,000. Na hata huko, hati ni kitu kimoja, usajili na pleti ni kingine. Tela dogo linaweza kukosa hati na bado likadaiwa pleti. Kwetu mambo hayo hayagawanyiki hivyo. Kadi inayotolewa na TRA, mamlaka ya mapato, ndiyo inayosema chombo kimesajiliwa na ndiyo inayosema ni cha nani. Na tela lina kadi yake na namba yake, haliazimi za gari linalolivuta. Simama Usagara dakika tano utazame malori yanayopita: kichwa kina namba yake, tela lina yake. Nilikuwa nayaona kila siku bila kuyaona.

Ujenzi wenyewe ulifanyika Nyakato, kwa fundi wa kuchomelea ninayemwamini hadi leo. Bomba la kipenyo cha sentimita 60, unene wa milimita sita, tulilipata kwenye chuma chakavu. Ekseli na matairi vilitoka kwenye pikapu iliyokufa. Engo na mabati nilinunua madukani, kwingine nikapewa risiti, kwingine nikapewa kipande cha karatasi ya daftari. Kila tulipobishana bei, mwenye duka aliniuliza, "Na risiti au bila risiti?" na mimi, mjanja wa mjini, nilijibu bila risiti. Jumla ilifika 2,450,000 pamoja na ufundi. Kwa kukwepa risiti niliokoa labda laki mbili.

Baada ya mkasa wa Igoma nilikodi Canter na vijana wanane kulipandisha jiko na kulirudisha nyumbani, 80,000. Hapo kuna siri ndogo ya bure: likiwa juu ya Canter ni mzigo, likiwa nyuma ya Hilux ni tela. Kama lako bado halina kadi, lihamishe likiwa mzigo.

Sasa nije kwenye aibu yangu kubwa. Kabla sijafika ofisi yoyote, kijana mwenye bahasha ya kaki alinifuata bandani. Habari husambaa. Akaniambia, "Mama, usihangaike. Ninayo kadi ya tela lililokufa zamani. Unagonga tu namba yake kwenye chuma chako, tunabadilisha jina, mchezo umeisha." Alitaka 350,000, nusu mbele. Nilimpa 175,000 jioni ile ile. Usiku nikamsimulia mpwa wangu anayesimamia malori ya mtu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Shangazi, hiyo siyo kadi, hiyo ni kesi." Akanieleza kwamba mkaguzi hasomi jina la mwenye kadi tu. Anasoma namba iliyogongwa kwenye chesisi, anatazama aina ya tela, ekseli ngapi, linabeba nini. Kadi ya tela la kubebea mchanga kwenye jiko la nyama haitapita, na ikipita kwa bahati, siku ya ajali ndiyo itafunuka. Asubuhi nilimpigia kijana anirudishie pesa. Simu haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Nilipokwenda kuuliza kwa njia iliyonyooka, niliondoka na orodha iliyonipa kizunguzungu, lakini kila kitu kilikuwa na sababu yake. TIN nilikuwa nayo ya biashara ya banda, hilo likaisha. Kitambulisho cha NIDA, sawa. Kisha swali lililoniweka kiti moto: hili tela limetoka wapi? Tela lililotoka nje ya nchi lina nyaraka za forodha. Lililonunuliwa kwa mtu lina kadi ya mwanzo na mkataba wa mauziano. Lililotengenezwa hapa hapa linatakiwa liwe na mtengenezaji anayejulikana na risiti zinazoonyesha chuma kimenunuliwa kihalali. Mimi nilikuwa na bomba lisilo na baba, ekseli isiyo na mama, na karatasi za daftari zilizoandikwa "chuma".

Nilirudi kote nilikonunua. Maduka mawili yalinikumbuka, lakini risiti ya mashine haitolewi kwa mauzo ya miezi minne iliyopita ambayo hayakuwahi kuandikwa. Muuza chakavu alicheka tu. Ikabidi nifanye ambacho ningefanya mwanzoni. Nikatafuta karakana iliyosajiliwa, yenye TIN na mashine ya risiti, wakatengeneza chesisi mpya kabisa na ekseli yenye nyaraka, halafu bomba langu likapandishwa juu kama bodi. Walinipa risiti na barua ya karakana inayoeleza vipimo, uzito na namba waliyoigonga kwenye chuma. Gharama: 1,150,000. Ile laki mbili niliyookoa ilinigharimu mara tano na zaidi. Ile kauli ya "ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" nilikuwa naisikia kama tangazo la watu wengine.

Kuhusu namba ya chesisi, sikiliza. Fundi wa kwanza, kwa nia njema, alikuwa ameshaniandikia namba ya kubuni kwa kuchomelea, yenye herufi O na tarakimu sifuri zimebebana. Karakana waliifuta kwa grenda. Namba za chesisi za kimataifa hazina herufi I, O wala Q, kwa sababu hizo huchanganywa na moja na sifuri. Namba ikishaingia kwenye mfumo na herufi moja ikapishana na ile ya kwenye chuma, mtasumbuana miaka. Igongwe kwa nyundo na stempu za chuma, mahali panapoonekana bila kulala chini ya tela, na mbali na kisanduku cha moto. Rangi yangu ya kwanza upande ule ilibabuka mara ya pili tu nilipowasha kuni.

Uzito nao ulinifundisha. Kwa makadirio ya fundi, jiko lilikuwa "kama kilo mia tatu hivi, mama". Hesabu ni rahisi na hatukuifanya: bati la chuma la milimita sita lina kilo 47 kwa kila mita ya mraba. Bomba lenye urefu wa mita 1.8 na vifuniko vyake linakaribia kilo 190 peke yake. Ongeza kisanduku cha moto, vyavu, dohani, chesisi, matairi. Kwenye mizani ya mzigo lilisoma karibu kilo 610, bila kuni.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile, tukiteremka kabla ya Igoma, jiko lilianza kutikisa mkia kama mamba, shemeji akashika usukani kwa mikono miwili bila kusema neno. Kisanduku cha moto, kipande kizito kuliko vyote, kilikuwa nyuma kabisa. Tulipoweka mizani ya dukani chini ya pua ya tela, pale linapofungwa kwenye gari, ilisoma kilo 15. Wanaovuta matela wanataka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote ikae kwenye pua, yaani kwa langu si chini ya kilo 61. Karakana waliisogeza ekseli nyuma sentimita 25, pua ikapanda hadi kilo 63, na tela likatulia kama mtoto aliyeshiba. Kwa kweli yule afande wa Igoma alinifanyia hisani. Kurudi usiku na tela lile, limejaa makaa, sitaki hata kufikiria.

Ukaguzi wa polisi tulifeli mara ya kwanza. Niliumia siku ile, sasa naona walikuwa sahihi kila mahali. Taa ndizo zilizonipa shida kuliko yote. Fundi umeme alifuata mchoro wa Kimarekani alioutoa mtandaoni, wenye nyaya nne, ambapo indiketa na breki vinatumia waya mmoja kila upande. Hilux ya shemeji, kama magari mengi ya Kijapani tuliyonayo, ina indiketa za njano zinazojitegemea. Matokeo yake mkaguzi akisema "washa indiketa ya kushoto", taa ya breki inapepesa; shemeji akikanyaga breki, hakuna kitu. Tulirudia wiring yote kwa nyaya tofauti na plagi ya pini saba. Nyaya zikapitishwa ndani ya bomba dogo la chuma upande wa pili wa moto.

Mengine yalikuwa madogo: vipande vya kuakisi mwanga nyuma na ubavuni, minyororo miwili ya usalama inayopishana chini ya pua, vikinga tope juu ya matairi, na bati la kukinga joto kati ya kisanduku cha moto na tairi la kulia. Tairi lile lilikuwa limeanza kung'aa kwa joto, na sisi tulidhani ni upya.

Kiungio cha kuvutia ni kitu ambacho hakuna aliyeniuliza, bali nilikigundua mwenyewe. Niliagiza kiungio cha inchi mbili kama cha kwenye video. Tufe lililo nyuma ya gari la shemeji ni la milimita 50. Inchi mbili ni milimita 50.8. Ukitazama kwa macho vinaingiana, ukitikisa vinagongana. Tofauti isiyofika milimita moja inaliwa kila kwenye tuta, na barabara zetu zina matuta. Nunua vyote viwili kwa kipimo kimoja.

Na hili la mwisho kwenye muundo linanichekesha kila nikilikumbuka. Wamarekani wanaendesha kulia, kwa hiyo wanaegesha kulia na milango ya jiko inafunguka upande wa kulia, kwenye njia ya miguu. Sisi tulinakili kama ilivyo. Nikiegesha kushoto, kama sheria yetu inavyotaka, mimi na koleo langu tunasimama barabarani, mgongo umeelekea bodaboda. Karakana waliligeuza bomba. Kama bado hujachomelea, geuza kwenye karatasi.

Tulipita ukaguzi wa pili, nikalipia kwa namba ya malipo, na kadi ikatoka kwa jina langu. Kiasi cha ada sitakiandika, kwa sababu hubadilika na bajeti ya kila Julai na mtu atakuja kunishika shati kwa bei ya zamani. Kadi nilivyopewa niliisoma palepale dirishani, herufi kwa herufi, nikilinganisha na picha ya chesisi kwenye simu. Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni alisonya. Acha asonye. Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya pleti ilikuwa miezi mitano, na kati ya hiyo, minne ilikuwa yangu mimi, si ya ofisi yoyote.

Bima nilimwomba wakala aandike tela waziwazi pamoja na gari linalolivuta, nikakataa kuridhika na jibu la "litaingia tu humo humo". Nilitaka nilione limeandikwa.

Kadi ya tela haikupi ruhusa ya kuuza nyama, hilo ni jambo jingine na nalisema kwa kifupi. Banda langu liko Manispaa ya Ilemela. Igoma ni Jiji la Mwanza. Kisesa ni Magu. Barabara moja, mwendo mfupi tu, halmashauri tatu, na leseni ya biashara hutolewa kwa mahali. Sasa kabla ya kwenda popote nampigia kwanza ofisa biashara wa huko na afisa afya, na vyeti vya kupima afya vya vijana wangu vinakaa kwenye bahasha moja na nakala ya kadi. Mtungi wa kuzimia moto umefungwa kwenye pua ya tela. Hizo ni taratibu za kawaida kwa yeyote mwenye mgahawa. Tofauti ni kwamba mgahawa wangu unahama.

Jumla kuu, ukitoa nyama iliyoharibika na siku nilizofunga banda, niliweka zaidi ya milioni nne kwenye kitu ambacho kingeweza kugharimu milioni tatu. Mume wangu hajawahi kunisema kwa hilo, ila kila tukipita Igoma anakohoa.

Wiki iliyopita alikuja mteja kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa ng'ambo wanafika asubuhi na kurudi mchana, hakuna tena kusubiri kivuko. Amelipenda jiko, anataka kulinunua, na bei aliyotaja ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Tatizo ni kwamba anataka tuandikiane kwa mwenyekiti wa mtaa tu, kadi ibaki kwa jina langu "mpaka mambo yatulie". Nimemwambia tubadilishe jina kwanza, jiko litoke baadaye, kwa sababu likimgonga mtu huko Busisi, kadi itanitafuta mimi Buzuruga. Alisema atafikiria. Bado hajapiga simu, na Jumamosi hii jiko linakwenda Kirumba. Kidari kinaingia kwenye moshi saa nne usiku.